Mohamed Amin: jicho lililobeba misiba ya watu

Kapsoit ni mji mdogo ulioko kando ya barabara kuu itokayo Kericho kwenda Kisumu. Mashamba ya majani chai yameuzunguka huku na huku kama busati la kijani, na baridi yake si ya kuchezea. Mimi niliyezaliwa na kulelewa pwani nilivaa sweta mbili na koti juu yake, na hata hivyo nilitetema kama kifaranga aliyenyeshewa na mvua. Mwenyeji wangu, Mkipsigis mmoja tuliyeanza naye kazi ya uandishi wa habari tukiwa vijana, alivaa shati la mikono mifupi na kunicheka.

Alikuwa ameniita nihudhurie baraza yao. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, waandishi wa habari sita au saba wa sehemu za Kericho na Bomet hukutana nyumbani kwake. Baadhi yao ni watangazaji wa redio zinazosema Kikalenjin, wengine hupeleka habari na picha kwenye magazeti ya Nairobi na kulipwa kwa ile iliyochapwa tu. Hawana mwenyekiti wala katiba, na mchango wao ni wa sukari na maziwa. Wamekusanyika kwa jambo moja: kuulizana hali. Masharti yao ni machache. Simu hutiwa katika kikapu mlangoni. Kikombe cha kwanza cha chai hunywewa bila ya kutajwa kazi. Linalosemwa humo halitoki humo, na haya ninayoyaandika nimepewa ruhusa na wenyewe, bila ya majina. Tena, mmoja wao akipoteza usingizi majuma mawili mfululizo, au akianza kusema kwamba amechoka na dunia, hapewi mawaidha. Hushikwa mkono na wenzake wawili wakaenda naye hospitali ya Kericho, wakamngojea nje mpaka amalize kuonana na daktari, wakarudi naye.

Ada yao nyingine ni kwamba kila mwezi mmoja husimulia maisha ya mwandishi au mpiga picha aliyewatangulia. Siku ile zamu ikawa ya mgeni, nami nikamchagua marehemu Mohamed Amin. Jina lake wote walikuwa wakilijua, lakini walilijua kama mtu ajuavyo jina la barabara. Haya ndiyo niliyowasimulia, pamoja na yaliyozuka katikati ya masimulizi.

Mohamed Amin alizaliwa Eastleigh, Nairobi, tarehe 29 Agosti 1943, katika nyumba ya Waislamu wenye asili ya Punjab. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Mtoto angali mdogo, jamaa yote ikahamia Dar es Salaam, na huko ndiko alikokulia, katika mji ambao adhana yake na Kiswahili chake ndivyo vya kwetu. Angali mwanafunzi alipata kamera ya Box Brownie, kile kisanduku cheusi cha Kodak, nayo ilikuwa imekwisha kutumiwa na mtu mwingine kabla yake. Watoto wengine huchezea kitu mwezi mmoja wakakitupa. Huyu hakuiacha kamera mpaka siku aliyokufa. Mwaka 1963, hata miaka ishirini hajatimiza au ndiyo kwanza ameitimiza, alifungua shirika lake la picha mjini Dar es Salaam, akaliita Camerapix.

Haukupita mwaka, Unguja ikageuka. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 ndugu msomaji hana haja ya kuelezwa, kwani hakuna mtaa wa pwani usiokuwa na nyumba iliyopokea jamaa waliovuka bahari na mabunda yao mwaka ule. Mohamed Amin alikuwa miongoni mwa wapiga picha wa mwanzo waliofika kisiwani. Alikuwa kijana wa miaka ishirini, na picha alizotoka nazo ziliuzwa ulimwenguni kote. Hapo ndipo lilipoanza jina lake. Nami hapo husimama nikajiuliza, nawe msomaji ujiulize vilevile, kijana wa miaka ishirini aliyeona yale alirudi nyumbani akalala vipi.

Miaka miwili baadaye Unguja ikamdai malipo. Mwaka 1966 alikamatwa huko kwa sababu ya kazi yake, akatiwa katika gereza la Kiinua Miguu. Alikaa humo kiasi cha wiki nne, akateswa. Walipomfungua walimtoa nchini, Tanzania ikawa imemfungia mlango, naye akaja kuanza upya Nairobi, mji aliozaliwa. Kwa mtu mwingine, jela na mateso vingekuwa sababu ya kutafuta kazi ya dukani. Yeye aliteremsha mizigo yake, akatafuta ofisi, akaendelea. Shirika la Visnews la London, lililokuwa likisambaza picha za habari kwa televisheni za nchi nyingi, likampata mtu wake wa Afrika.

Hapa kijana mmoja wa baraza alisema kwamba huo ndio uanaume. Wenziwe wakaitikia. Sikumjibu, nikanywa chai.

Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya alipigwa risasi akitoka katika duka la dawa, Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Mohamed Amin alikimbilia hapo na kamera yake. Aliingia katika gari la wagonjwa pamoja na Mboya, akampiga picha watu wakihangaika kumrudishia pumzi. Mboya hakuwa mtu mgeni kwake. Walikuwa wakijuana. Picha zile zilimpatia tuzo huko Uingereza, akatajwa kuwa mpiga picha bora wa televisheni wa mwaka. Fikiri jambo hilo. Mtu unayemjua anakata roho mbele yako, mikono yako haiwezi kumsaidia ila kushika kamera isitikisike, na baada ya miezi unaitwa ukumbini, unapigiwa makofi, unapewa zawadi kwa ajili ya saa ile ile. Kazi yetu ina mambo yake, na hili ni mojawapo la yaliyo mazito: siku mbaya kabisa ya mwandishi aghalabu ndiyo siku anayosifiwa nayo.

Nisije nikadhaniwa kwamba maisha yake yote yalikuwa ya damu. Mohamed Amin aliipenda Hija kwa mapenzi ya Mwislamu na ya fundi. Mwaka 1978 kilitoka kitabu chake cha picha za Makka na mahujaji, na wakati huo ulikuwa ni wakati ambao wapiga picha walioruhusiwa kufanya kazi hiyo kule walihesabika. Alizunguka na wenziwe Kenya na nchi jirani, wakatoa vitabu vingi vya picha za watu, wanyama na milima. Mwaka 1980 yeye na Brian Barron wa BBC walimgundua Idi Amin huko Jeddah, wakazungumza naye mbele ya kamera wakati dunia ilikuwa haijui anakaa wapi. Wanaomkumbuka wanamkumbuka kwa upesi wake, kwa kuamka alfajiri, na kwa kutovumilia uvivu. Kiofisi alikuwa mkali. Nyumbani hakukaa. Mwanawe wa pekee, Salim, aliyezaliwa mwaka 1970, alikua akimwona baba yake zaidi katika mizigo iliyofungwa mlangoni kuliko katika kiti cha mezani.

Sasa nilifika mahali ambapo hadithi ya mtu mwingine ilinirudisha kwenye yangu, na kwa kuwa niliieleza pale Kapsoit, sina budi kuieleza na hapa.

Ijumaa ya tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi, feri ya Mtongwe ilipinduka ikivuka kuja kisiwani Mombasa, hatua chache tu kutoka gatini. Watu 272 walikufa. Mimi nalikuwa kijana, nimo katika kazi kwa mwaka mmoja, nikatumwa ufuoni nikaandike majina. Nilisimama pale mchana kutwa na daftari. Wazee walikuwa wakija mmoja mmoja, wananitajia jina la mtoto na nguo alizotoka nazo, kana kwamba mimi ndiye mwenye kumrudisha. Kuna ndara moja nyekundu ya mtoto iliyokuwa ikielea karibu na miguu yangu. Maji yalikuwa yakiileta na kuirudisha, yakiileta na kuirudisha. Niliandika majina yote ila sikuandika habari ya ndara ile.

Mhariri alinisifu, na juma lililofuata akanituma kwenye ajali nyingine. Kwa muda wa miezi sikuweza kusikia honi ya feri bila ya moyo kunienda mbio. Nalikuwa mkali nyumbani, nikichukia sauti za watoto. Nilikuwa nikisimama katika sala nisijue nimo katika rakaa ya ngapi. Wazee wangu, kwa mapenzi yao, walisema nimepatwa na jini la bahari. Nikasomewa, nikafukizwa ubani. Kusomewa kulinituliza, sitakana, maana Kurani ni shifaa. Lakini aliyenifungua kifundo alikuwa ni baharia mmoja mzee, aliyekuwa ametoa maiti majini siku ile kwa mikono yake. Tulikutana barazani baada ya sala ya Alasiri, akanitazama, akaniuliza kama na mimi nakiona kitu chochote usiku. Nikamwambia habari ya ndara. Yeye akaniambia yake. Tulikaa hapo mpaka Magharibi. Hakuwa daktari wala shekhe. Alikuwa mtu aliyekuwapo.

Nilipoyasema haya Kapsoit, yule kijana wa uanaume alikuwa ameinama.

Turudi kwa Mohamed Amin. Mwezi wa Oktoba 1984 alifika Korem, katika nyanda za juu za kaskazini ya Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC. Makumi ya maelfu ya watu waliokimbia ukame na vita walikuwa wamelala uwanjani, katika baridi ya alfajiri, wakingojea chakula ambacho hakikuwapo. Kila kulipokucha maiti zilikuwa zikiosha na kuvishwa vitambaa na jamaa zao, zikilazwa safu. Mohamed Amin alipita katikati yao na kamera begani. Walio na macho ya kazi hii wakiitazama filamu ile huona kwamba hakukimbia. Kamera haikurukaruka. Ilikaa juu ya uso wa mama, ikangoja, ikashuka mpaka kwa mtoto, ikangoja. Kupiga picha namna hiyo lazima mpigaji mwenyewe asimame na atazame, na asigeuze uso pale ambapo wewe nami tungegeuza.

Picha hizo zilionyeshwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984, kisha zikachukuliwa na vituo vya televisheni zaidi ya 400 duniani. Ulimwengu ulishtuka. Waimbaji wa Uingereza wakatoa sahani ya kuchanga fedha, na tarehe 13 Julai 1985 yakafanywa matamasha makubwa ya Live Aid, London na Philadelphia kwa siku moja. Mamilioni ya fedha yalikusanywa, na nafaka ikapelekwa kwa meli na ndege. Ni watu wangapi walio hai leo kwa sababu ya macho ya mtu mmoja kutoka Eastleigh, hilo analijua Mola. Mohamed Amin alialikwa katika majumba ya wakubwa, akapewa nishani na tuzo kutoka nchi mbalimbali. Alipomaliza kupeana mikono, alipanda ndege akarudi kazini.

Kisha ikaja siku ya tarehe 4 Juni 1991. Serikali ya Mengistu ilikuwa imeanguka Addis Ababa juma lililotangulia. Usiku ghala la silaha likaanza kuwaka, na Mohamed Amin na wenziwe wakaenda kulipiga picha. Ghala likalipuka. Mwenzake wa kuchukua sauti, Mkenya John Mathai, aliyekuwa akifanya naye kazi bega kwa bega, alikufa papo hapo. Mohamed Amin akapoteza mkono wake wa kushoto.

Watu wengi wakisimulia kisa hiki hukimbilia sehemu inayofuata, kwa kuwa ni ya kishujaa. Alitiwa mkono wa bandia unaoendeshwa kwa umeme, kamera ikatengenezwa maalumu aweze kuishika, na katika muda wa miezi michache alikuwa amekwisha kurudi vitani na njaani. Ni kweli, na ni ushujaa. Mimi niliwaomba vijana wa Kapsoit wasikimbilie huko. Niliwaomba wakae kidogo na John Mathai. Mtu anapotoka nyumbani na mwenziwe, akarudi bila mwenziwe na bila mkono, ule mkono madaktari wanaweza kuutengenezea mwingine. Hilo la pili je? Katika ulimwengu wa kazi yetu wa siku zile, palikuwa na fundi wa kamera, palikuwa na fundi wa mkono, na palikuwa na mhariri wa kuuliza picha zitafika lini. Kiti cha mtu wa kuuliza moyo ukoje kilikuwa hakijachongwa.

Siingii katika kifua cha marehemu kumsemea alilokuwa nalo. Ninalolisema ni la kazi yenyewe. Wakati ule wa mwaka 1994, mwaka wa Mtongwe yetu, Mwafrika Kusini Kevin Carter, aliyepata tuzo ya Pulitzer kwa picha yake ya mtoto na tai huko Sudan, alijitoa uhai mwezi wa Julai, miezi mitatu tu baada ya kutangaziwa tuzo. Alikuwa na umri wa miaka 33. Mwaka wa nyuma yake, tarehe 12 Julai 1993, vijana wanne wa kazi hii waliuawa pamoja na umati uliojaa hasira Mogadishu: Dan Eldon, Hos Maina, Anthony Macharia na Hansi Krauss. Watatu wa mwanzo walikuwa wa Nairobi. Waliobaki walizika, wakachukua kamera, wakarudi Mogadishu.

Baadaye ndipo wataalamu walipoanza kuhesabu. Daktari wa akili wa Toronto, Anthony Feinstein, alitoa utafiti mwaka 2002 juu ya waandishi 140 wa vita, akaona kwamba zaidi ya robo yao walikuwa wamepatwa na kiwewe katika maisha yao, kile kinachomrudisha mtu mahali pa msiba usiku na mchana. Mwaka 2015 yeye na wenziwe wakatoa utafiti juu ya waandishi 57 wa Kenya. Waliolinganishwa walikuwa walioandika habari za fujo za baada ya uchaguzi wa 2007 na wasioziandika, kisha wale wa shambulio la Westgate la Septemba 2013. Wa Westgate hawakuonekana kuzidi wenzao kwa maumivu ya moyo. Wa fujo za uchaguzi walizidi, na walioumizwa mwili ndio walioonekana kuwa na hali mbaya zaidi.

Nilipoyataja hayo, mwenyeji wangu alikuwa wa kwanza kusema. Hakushangaa hata kidogo. Januari 2008 alikuwa hapa hapa. Nyumba za majirani zilichomwa, na wachuma chai wa makabila mengine, watu waliokuwa wakikaa mistari ya mashambani tangu ujana wao, walikimbia na magodoro vichwani. Tarehe 31 mwezi huo mbunge wa Ainamoi, ambayo Kapsoit imo ndani yake, aliuawa Eldoret, na Kericho ikawaka tena. Alisema kwamba mwandishi wa vita vya mbali huandika habari za watu asiowajua. Yeye alimwona mtu akishika kiberiti, akalijua jina lake, akamjua na baba yake, na siku ya pili akakutana naye dukani, wakasalimiana. Kwa miaka kumi na zaidi amekuwa akisalimiana naye. Hilo hakulieleza kwa mtu yeyote mpaka alipoanzisha baraza hii.

Sisi Waislamu tusidhani mambo haya yameletwa na wazungu juzi. Zaidi ya miaka elfu iliyopita, Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 322 wa Hijra, aliandika kitabu cha maslahi ya miili na nafsi. Alisema waziwazi kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua, akaeleza ghadhabu, hofu, huzuni na wasiwasi, akapambanua huzuni yenye sababu ijulikanayo na ile inayomfika mtu asijue imetoka wapi. Naye aliyeshikwa na wasiwasi alimkataza kukaa pekee. Na Nabii Yaaqub, amani iwe juu yake, alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakaingia weupe, wala hakuna shekhe aliyepata kusema kwamba imani yake ilipungua. Kwa nini basi mwandishi wa leo ahofie kuitwa wa Mathari kwa kusema kwamba halali?

Tarehe 23 Novemba 1996, Mohamed Amin alipanda ndege ya Ethiopian Airlines kutoka Addis Ababa kuja nyumbani Nairobi. Pamoja naye alikuwamo Brian Tetley, mwandishi aliyefanya naye kazi miaka mingi, aliyetia maneno katika vitabu ambavyo yeye alivitia picha. Watu watatu wakaiteka ndege, wakamwamuru rubani Leul Abate awapeleke Australia. Rubani aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi, hawakukubali. Aliiambaza ndege na pwani ya Afrika kwa kadiri alivyoweza, mpaka injini zikazimika karibu na Ngazidja, akaishusha baharini mbele ya watu waliokuwa ufuoni upande wa Mitsamiouli. Katika watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa. Mohamed Amin na Brian Tetley walikuwa miongoni mwao. Waliookoka walisimulia kwamba dakika za mwisho Mohamed Amin alionekana amesimama, akisemezana na watekaji, na abiria wengine wamefunga mikanda.

Mombasa siku ile naikumbuka vyema. Wangazija wa Mji wa Kale walikuwa wakipiga simu kwao kuuliza habari, kwani wavuvi na watu wa ufuoni huko ndio walioingia majini mwanzo kutoa watu. Nami, aliyekuwa hajasahau Mtongwe, niliomba nisipewe habari ile kuiandika. Ndiyo mara yangu ya kwanza kusema hapana chumba cha habari. Nilidhani nitafukuzwa, lakini sikufukuzwa.

Mwaka 2006, miaka kumi baada ya msiba, Salim alitoa sinema juu ya baba yake, nayo ikaitwa Mo & Me. Nimeitazama mara tatu. Salim alikuwa ameirithi kamera na ameirithi ofisi. Katika sinema ile anamtukuza baba yake kama anavyostahiki, lakini vilevile anasema mbele ya ulimwengu kwamba baba huyo hakuwapo nyumbani, na kwamba mtoto alikuwa akimtaka. Wako waliosema mtoto hamtaji mzazi hivyo. Mimi naona alifanya tendo la ihsani. Alimsimulia marehemu mzima, pamoja na gharama yake, na gharama hiyo si ya baba peke yake. Mke aliyengoja ukumbini ameilipa, na mtoto ameilipa.

Nilipomaliza palikuwa kimya. Moto wa kuni ulikuwa umeshuka. Kisha akasema binti mmoja, mtangazaji wa redio, ambaye tangu jioni alikuwa hajafungua kinywa ila kunikaribisha chai na kuniita Ustadhi. Ijumaa ya tarehe 30 Juni 2023, lori lilipoacha njia kwenye njia panda ya Londiani, likaponda matatu na wachuuzi wa kando ya barabara, wakafa watu zaidi ya 50, yeye ndiye aliyepelekwa na kipaza sauti. Alifika kabla maiti hazijaondolewa. Kuna mboga, akasema, viazi na kabichi, zilizokuwa zimetapakaa barabarani, na mpaka leo hawezi kukata kabichi jikoni. Mama yake humwona mvivu. Mumewe hajui. Tangu siku ile, akitumwa upande wa Londiani huomba mwenzake aende, na kila mara hutafuta udhuru mpya.

Yule kijana aliyesema juu ya uanaume aliinuka. Nilidhani anatoka nje. Alikwenda kuchukua birika, akammiminia binti yule chai, akaketi karibu yake, akasema kwamba na yeye alikuwa Londiani jioni ile, alitoka na picha mia mbili na kumi, na hajazifungua tena hata moja. Walikuwa wakijuana miaka mitatu, hawakujua kwamba walisimama barabara moja, saa moja. Mazungumzo yao mengine yalikuwa kwa Kikipsigis, nami sikutafsiriwa, wala sikuomba. Kikapu cha simu kilikaa pale mlangoni mpaka saa sita ya usiku.

Asubuhi niliposhuka barabarani kutafuta gari la kunirudisha, ukungu ulikuwa bado umeshika mashamba, na matrekta ya majani chai yalikuwa yameanza kupita. Niliwakuta wawili wale kituoni wamesimama na mwenyeji wangu, wanangojea matatu ya Kericho, wapate kuunga ya Londiani. Hakuna aliyekuwa na kamera wala kipaza sauti. Binti alinisalimu, akanitakia safari ya heri, na matatu ilipofika, mwenyeji wangu ndiye aliyetangulia kupanda, ili yeye akae katikati.